Bunduki ya Kumshinda Baba

Bweni la Wasichana,
Ghorofa ya juu kabisa.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba maneno haya yatakukuta u mzima, umeketi mbele ya cherehani yako, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, na kwamba goti lile la kushoto limeacha ubishi wake wa asubuhi. Mimi sijambo. Kikohozi kilichokutia wasiwasi kimekwisha, nakula vizuri, na gauni la kijani ulilonishonea lingali imara kuliko ahadi zote tulizopewa na utawala wa chuo tangu mwaka uanze. Wenzangu wa chumbani wanakusalimu sana. Yule wa kitanda cha juu anauliza lini utamshonea na yeye. Nimemjibu kwamba foleni ni ndefu na mwenye cherehani hahongeki.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika ilhali simu ipo. Mama, simu yako huisikilizi ila kwa spika, na kila inapolia Baba huvuta kiti karibu kama anayesubiri taarifa ya habari. Ninayotaka kukueleza hayafai kusikilizwa na watu wawili.

Nianze na ulilonituma. Ulinipigia kabla Baba hajapanda basi kuja huku, ukiwa umejibanza nyuma ya marobota ya vitambaa, ukanong'ona kwamba mumeo ameapa kurudi kinamasini msimu huu kuwinda bata. Ukanikumbusha alivyorudi msimu uliopita: maji hadi kifuani, meno yanagongana, buti moja limebaki kwenye tope. Ukasema huna tena moyo wa kusimama mlangoni alfajiri, ukitega sikio upande wa ziwa, usijue kama ule mlio uliokoma ni wa bunduki iliyonyamaza au wa mtu aliyenyamaza. Lakini hukutaka kumkataza, kwa sababu, kama ulivyosema, mwanamume ukimkataza umempa sababu. Ulitaka ashindwe mwenyewe. Basi ukaniagiza nimchagulie bunduki kubwa kupita zote, nzito, yenye mateke ya punda, ili ainyanyue mara moja tu, bega limwambie ukweli, arudi nyumbani akae.

Ulikuwa mpango wa jemadari, Mama, nami niliukubali bila kujadili. Niliukubali kwa sababu na mimi naogopa. Niliukubali pia kwa sababu unaujua msimamo wangu: mimi ndiye niliyepanda juu ya meza ya bwalo na kutangaza kwamba watu wanaohesabu mitutu kabla ya madawati wamekwisha kujihukumu wenyewe. Makofi yaliyopigwa siku ile bado yananilia masikioni. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitaingia dukani kwa miguu yangu kuuliza kitako kina urefu gani.

Lakini nani alilianzisha jambo lenyewe kama si mimi? Wewe unakumbuka. Tulipoandamana hadi ofisi za serikali, tumebeba picha ya bata aliyekufa, firigisi yake imejaa marisau, zile punje za risasi, tulikuwa tukidai yapigwe marufuku marisau ya zamani, yale ya madini laini yenye sumu, ambayo bata huyameza chini ya tope akidhani ni kokoto za kusagia chakula. Tulishinda. Sheria ikapita, sasa mawindo yote ya majini ni kwa marisau ya chuma. Nilishangilia hadi sauti ikapotea. Kisha nikarudi likizo, nikamkuta Baba ameilaza mezani ile bunduki ya babu, ile ya mitutu miwili aliyoiita Mapacha, anaipangusa kama anayemwosha maiti. Mitutu yake ni ya chuma cha kale. Ukiitilia marisau magumu itaharibika, na huenda ikamharibu anayeishika. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyewanyamazisha Mapacha, basi mimi ndiye nitakayemwambia ashike nini badala yao. Neno hilo lilinikaa kooni, na hadi leo sijalimeza.

Basi akaja. Alishuka kwenye basi amevaa koti lile refu na kofia ya kuwindia katikati ya jua kali, na mkononi amebeba kikapu cha maembe aliyoyapondaponda mwenyewe kwa kuyakalia njiani. Langoni, mlinzi alipomuuliza yeye ni nani, hakusema ni baba yangu. Alisema ni mume wa mama yake Mwenyekiti. Tangu nichaguliwe kuongoza umoja wa wanafunzi haniiti jina jingine. Anapotaka chumvi husema, Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. Wenzangu walimpenda papo hapo. Walipojua tunakokwenda, mmoja wao, katibu wetu mwenye ulimi wa wembe, aliniuliza mbele ya watu kama mapinduzi yameanza bila yeye kupigiwa simu. Nilicheka, lakini masikio yaliniwaka.

Duka la bunduki liko kwenye mtaa wa mafundi, kati ya muuza matairi na kinyozi. Ndani linanukia mafuta yaleyale unayotia kwenye cherehani yako, na kwa dakika ile ya kwanza nilikukumbuka hadi nikataka kurudi. Mwenye duka ni mtu wa kitambi, miwani yake haishuki kamwe kutoka kwenye paji la uso, na ana mazoea ya kuzisemesha bunduki kama watoto wanaochelewa kuamka. Alinitambua. Kumbe siku ya maandamano yetu alikuwa amekwama nyuma yetu ndani ya gari, na anadai kwamba alitutukana mpaka akapungukiwa na maneno, akaanza kurudia. Baba alimwambia kwamba hilo si kitu, kwani yeye hukaa na mimi meza moja. Wakacheka wote wawili, wakawa marafiki, nami nikabaki nimesimama na karatasi ya maswali niliyoyaandaa kama anayekwenda kuhoji waziri.

Nilijifunza mengi, Mama, na mengine yalinichokoza akili. Unene wa mtutu hutajwa kwa namba, lakini namba ikipungua ndipo tundu linapopanuka: namba kumi ni kubwa kuliko namba kumi na mbili. Nikasema mfumo huu bila shaka ulitungwa na mhasibu wa chuo chetu. Mwenye duka akaeleza kwamba marisau ya chuma ni mepesi kuliko yale ya zamani, huchoka haraka angani. Kwa hiyo anayetaka kumwangusha bata bukini, ndege mkubwa arukaye juu, na kumwangusha kwa heshima, afe palepale asije akateseka, inampasa apige punje kubwa, na punje kubwa zinataka mtutu mkubwa. Akasema pia kwamba bunduki ya kurudia, ile inayobeba risasi tatu tumboni mwake na kupiga moja baada ya nyingine bila kufunguliwa, ndiyo inayowafaa wawindaji wa majini. Zaidi ya tatu sheria hairuhusu.

Akatoa mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa namba kumi, nyeusi, pana, ya kujikoki yenyewe. Nilipoibeba nilihisi nimepewa mtoto mchanga aliyelala usingizi mzito. Moyo ukanipiga kwa furaha ya siri. Nikasema kimoyomoyo, Mama, huyu hapa punda wako. Ya pili ilikuwa namba kumi na mbili, nyembamba, nyepesi, ya kukokota kwa mkono: ukipiga, unaivuta ile sehemu ya mbele nyuma na mbele ndipo risasi nyingine ipande. Ilikuwa nzuri kama kalamu mpya. Nikaidharau. Kwa mantiki yangu ya darasani, kikubwa hupiga teke kubwa na kidogo hupiga teke dogo, na mimi nilitumwa teke kubwa.

Tulikwenda kuzijaribu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, mahali penye nyasi fupi na mtambo unaorusha visahani vya udongo angani. Baba akaanza na ile nzito. Aliinyanyua polepole, na kweli, mikono ilimlemea, nikaona kiwiko kinatafuta pa kuegemea. Nikasubiri. Mlio ulipotoka niliuhisi tumboni. Kisahani kikawa vumbi. Nikatazama bega lake nikingojea hukumu, na bega halikutikisika, Mama. Lilisogea kidogo tu, kama mtu aliyesukumwa na rafiki kwenye foleni. Akapiga tena, na tena, bila kuiteremsha, kisha akanigeukia na uso wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

Nilimwendea mwenye duka kwa hasira ya msomi aliyesalitiwa na kitabu. Akanifafanulia kwamba ule uzito ndio unaolimeza teke, na kwamba bunduki hiyo huuchukua moshi wa risasi yenyewe kuusukuma mtambo wake, kwa hiyo kinachofika begani ni makombo. Alishangaa kwamba sikuwa nimelijua hilo, na nilimwambia ukweli, kwamba katika kozi zangu zote hakuna aliyewahi kulitaja.

Kisha Baba akaishika ile nyepesi. Risasi ya kwanza ilimgeuza ubavu, kofia ikaanguka. Alipotaka kuikokota ili apige ya pili, mkono ukateleza, kisahani kikapita salama, kikaenda kuangukia nyasini kikiwa kizima. Akaokota kofia, akaipangusa, akaniuliza kama kuna chai.

Hapo ndipo nilipouona mtego wako ulivyogeuka, Mama. Bunduki ya kumshinda ilikuwa hii nyepesi. Na kila hoja ilikuwa upande wangu: mwenye duka mwenyewe alipendekeza kwamba mzee wa umri ule achukue nyepesi, asichoke njiani na matope. Nisingedanganya hata neno moja. Ningesema tu, Baba, chukua hii, utaibeba kwa urahisi, naye angeichukua kwa sababu nimesema mimi, na baada ya alfajiri mbili tatu bega lingekuwa jeusi na Mapacha pamoja na mrithi wao wangetundikwa ukutani. Ushindi wako ulikuwa umelala kwenye kiganja changu, na ulichohitaji ni mimi kufumba vidole.

Mwenye duka alikwenda ofisini kuandikisha visahani tulivyovunja. Tukakaa, mimi na Baba, kwenye benchi la mbao pembeni mwa uwanja, na chupa ya chai kati yetu. Kisha, bila kunitazama, akasema maneno haya, nami nayaandika kama yalivyotoka:

"Mama yako amekutuma unichagulie nzito, ili nishindwe."

Nikajaribu kukana, akatikisa kichwa. Akasema kwamba ameishi nawe miaka yote hii, na jambo moja ambalo Mungu hakukujalia ni kunong'ona. Kwamba ukinong'ona wewe, jirani hupunguza redio. Alisikia kila neno kupitia ukuta wa stoo akiwa anafunga mizigo. Hakukasirika, Mama. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza bahati yake kwamba si kila mzee ana mtu wa kumpangia njama za kumweka hai. Halafu akacheka peke yake, akasema nzito ndiyo hiyohiyo aliyoikusudia tangu nyumbani, ila alinyamaza ili wewe upate raha ya kushinda.

Usiichane barua, Mama. Nimemchagulia nzito. Nilisimama mbele ya kaunta na kusema namba kumi, ya kujikoki, na mwenye duka akaifunga. Itafuata baada ya kibali kutoka. Nimeichagua nikijua kwamba haitamrudisha nyumbani. Nimeichagua ili aende. Unaweza kusema kwamba mwanao amekuasi, na utakuwa umesema kweli. Nimeasi mengi, lakini hili ndilo la kwanza nililoliasi huku machozi yananilenga. Sasa nisikilize kwa nini, kwa kuwa hapa ndipo barua yote ilipokuwa ikielekea.

Baada ya kucheka kule, Baba alimimina chai. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili. Hata hivyo chai ilicheza, ikamwagika juu ya kidole chake, naye hakukiondoa kidole. Nikadhani ni ile bunduki nyepesi iliyomtikisa. Nikamwambia apumzike, itatulia. Akasema haitulii.

Kisha akanisimulia siku ile ya buti. Wewe na mimi tuliamini kwamba aliteleza kwa ukaidi, mzee anayejifanya kijana. Sivyo. Alikuwa kwenye kibanda chake cha matete, kimya, na kundi la bata bukini likapita chini. Akapiga kwa Mapacha, mara mbili. Mmoja akaanguka akiwa hai, ubawa umevunjika, akawa anaogelea kwa kuzunguka palepale, analia. Kazi ya mwindaji hapo, alisema, ni moja tu: kujaza haraka na kummaliza, asiteseke. Akaifungua bunduki, akayatoa maganda, akachukua risasi mbili mfukoni. Baridi ilikuwa imeuma. Akaniambia:

"Zilinidondoka. Zote. Nikachukua nyingine, nazo zikadondoka. Mikono yangu, mwanangu, haikuweza kuweka kitu kidogo kwenye tundu dogo."

Risasi zote zikaenda majini. Na yule bata akaendelea kulia. Alisema alikaa akimsikiliza hadi akashindwa, kwa sababu mtu hawezi kurudi nyumbani kula chakula akiwa ameacha roho inaning'inia kwenye matete. Basi akaingia majini, akamfuata kwa miguu, maji yakapanda, tope likamshika buti, akaliacha. Alimfikia. Alimmaliza kwa mkono. Ndipo akarudi kwako akiwa vile ulivyomwona, nawe ukamkaripia kwa ukaidi, naye akaukubali ukaidi. Aliniambia kwamba afadhali umwone mkaidi kuliko umwone alivyokuwa amekaa pale, anaokota risasi zinazomkimbia.

Mama, mimi nimehutubia maelfu, na mbele ya mzee mmoja nilichoweza ni kumpangusa chai kidoleni.

Halafu nikakumbuka meza yake ya kutengenezea saa. Ulikuwepo alipoifunga. Sote tulikuwa tumekwisha kuwapata wenye hatia: simu. Watu wanatazama saa kwenye simu, tulisema, nani tena atampelekea fundi saa ya mkononi? Mimi hata niliandika makala kwenye gazeti la chuo kuhusu ufundi unaouawa na mitambo, nikamtaja bila jina, nikasifiwa. Nikamuuliza pale benchini, ni lini hasa ilianza. Akasema alijua siku aliposhindwa kurudisha skrubu moja, ndogo kama mbegu ya mchicha, kwenye saa ya bibi harusi. Aliijaribu asubuhi nzima. Mchana akamrudishia mwenyewe saa yake, akamwambia kipuri hakipatikani tena duniani. Wateja walikuwa bado wanakuja, Mama. Yeye ndiye aliyewafukuza kwa upole, mmoja mmoja, kisha akasimama nasi kuzilaani simu.

Sasa unaelewa kwa nini bunduki ya kurudia. Risasi tatu zinajazwa kabla ya kuondoka, mahali penye mwanga, pasipo na haraka wala baridi, na kama mikono yake haiwezi, mikono mingine itaweza. Ndege akiumia, risasi ya pili ipo, na ya tatu ipo. Hakuna cha kufungua, hakuna cha kudondoka, hakuna sababu ya kuingia majini. Wewe ulitaka asiingie majini tena. Yeye pia ndilo alilolitaka, na amesafiri kutwa nzima ndani ya basi ili alipate. Mlikuwa mkivutana kamba ambayo ncha zake zote mbili zimefungwa kwenye mti mmoja.

Alinisihi nisikwambie. Alinishika mkono kabisa, akaniapisha kwa cheo changu. Nikaapa. Na leo nakiuka kiapo hicho kwa macho makavu na dhamiri iliyo wazi, kwa sababu ukweli unaofichwa ili mtu apendwe humnyima huyohuyo mtu kupendwa alivyo. Haya si maneno ya jukwaani. Nayasema kwako peke yako, na nisingekuwa na ujasiri wa kuyarudia mbele yake.

Nimemwomba amwone daktari. Alikataa, kisha akakubali kwa sharti kwamba atakwenda na mimi wala si na wewe. Usiumie. Mbele ya daktari yuko tayari kuwa mgonjwa. Mbele yako bado anataka kuwa yule kijana aliyekutengenezea saa ya mama yako bila malipo ili apate kisingizio cha kurudi nyumbani kwenu. Hilo nalo alinisimulia, na sikuwa nimewahi kulisikia.

Kuhusu msimu: nimewaambia wenzangu kwamba mkutano mkuu wa vyama vya wanafunzi utaendelea bila mimi. Katibu wetu alinitazama kama niliyehama imani. Nilimjibu kwamba msimamo wangu kuhusu mitutu uko palepale, na kwamba sitapiga hata ndege mmoja. Nitakaa ndani ya kibanda cha matete, nitajaza risasi, nitabeba ule uzito wote kwenda na kurudi, na anayetaka kunivua uongozi kwa sababu hiyo alete hoja tuijadili. Hakuileta. Baba nilipomwambia kwamba nitamsindikiza, alifikiri sana, kana kwamba namwomba chumba cha kupanga. Akasema:

"Bata hawapigi kura, Mwenyekiti. Ukianza hotuba wataondoka."

Nikaahidi kunyamaza. Yeye mwenyewe hakuamini, wala wewe huamini, lakini nitajitahidi. Jana, kabla hatujaondoka uwanjani, mwenye duka alitupa risasi chache za ziada tumalizie. Baba alizichukua, akazitazama, kisha akanyoosha mkono akazimimina kwenye kiganja changu, akageuka kutazama upande mwingine, kwenye mtambo wa visahani, kama anayekagua hali ya hewa. Nilizitia tatu, moja baada ya nyingine. Zinaingia kwa mlio mdogo mzuri, kama komeo la mlango uliopakwa mafuta. Nikampa bunduki, akavunja visahani vyote vitatu. Mama, wakati huo wote wa kuvunja, nilitazama: ikishaegemea begani, mikono yake haitetemeki hata kidogo. Sijui kwa nini. Labda daktari atajua. Mimi nilifurahi tu.

Kwa hiyo ninakuomba. Mwache aende, na alfajiri hiyo usisimame mlangoni. Lala, kwa sababu nitakuwa naye. Ukisikia milio mitatu ikafuatana, ujue kwamba yuko mahali pakavu na kila kitu kimekwenda kama ilivyopasa. Akianza siku moja kukusimulia mwenyewe habari za mikono, mpokee kama unayezisikia kwa mara ya kwanza. Asipokusimulia, usimharakishe.

Nisalimie dada na watoto wake, nisalimie jirani anayepunguza redio, na mwambie fundi wa viatu wa pale kona kwamba soli alizonitilia zimevuka maandamano mawili na bado zinasema. Ukinijibu, nieleze kuhusu goti bila kunificha. Naona katika nyumba yetu ufichaji ni ugonjwa wa kuambukiza. Nakubusu mikono yote miwili, nikiomba uishi hadi uchoke kutukaripia.

Limebaki neno moja, kuhusu namna barua hii inavyokufikia. Sikuiamini posta, na basi la Baba linaondoka mchana huu. Nimempa yeye ailete. Nimeibana kwa gundi na kumwambia kwamba ndani ni vipimo vya nguo za ndani, naye ameitia kwenye mfuko wa koti haraka kama anayeficha kaa la moto. Kwa hiyo unaposoma hapa, amesimama mbele yako, kofia mkononi, anajifanya anatazama dirishani, anasubiri umwambie Mwenyekiti anasemaje.

Mwambie nimesema naendelea vizuri. Na tafadhali, Mama, usimtazame mikono.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Mwenyekiti wa bwaloni tu. Wa nyumbani ni wewe.